Ngozi ya Simbilisi na Mkono wa Bibi Harusi

Miongoni mwa maneno ya kale ambayo Kiswahili kimeyapa kazi mpya ni neno mzio. Siku hizi madaktari hulitumia kwa hali ya mwili kukikataa kitu ambacho kwa watu wengine hakina neno: dagaa, karanga, dawa, rangi. Lakini wazee wa mwambao walilijua neno hili kabla ya hospitali. Kwao mzio ulikuwa kile ambacho mtu hujizuia nacho, ama kwa kuwa ni mwiko kwake, ama kwa kuwa kila akila humdhuru. Sisi tunaofundisha Kiswahili katikati ya wasemaji wa Kirundi tuna bahati ya kukutana na jamaa wa neno hili kila siku, maana Kirundi kina kuzira na umuziro, na Waganda nao wana omuziro, ambao ni mnyama au mmea wa ukoo usioliwa na wenye ukoo huo. Asili ya maneno haya ni moja.

Mzio wa kale ulikuwa na jambo moja ambalo mzio wa hospitali umelikosa: mtu aliambiwa kabla. Mtoto hakungoja avimbe midomo ndipo ajue kuwa nyama fulani si yake; bibi au shangazi alimwambia, naye akakua akijua. Kemikali zinazouzwa leo katika visanduku na vikopo hazina shangazi. Huingia sokoni zikiwa wageni, na ngozi ya mnunuzi ndiyo inayozitambua. Basi swali tunalotaka kulijadili hapa ni hili: ikiwa hapana budi kitu kipya kijulikane kama kinadhuru ngozi kabla hakijauzwa, ni ngozi ya nani ihalalishwe kukijulia?

Tuanze na hina, maana ndiyo iliyo karibu nasi. Hapa Magarama, mjini Gitega, kama ilivyo Muyinga na Buyenzi ya Bujumbura, arusi ya Waswahili hupendeza mikono ya bibi harusi ikichorwa. Majani ya mhina yaliyosagwa hukandwa kwa maji na ndimu, hupakwa, na huachwa usiku kucha. Asubuhi ngozi huwa na rangi ya chungwa, ambayo baada ya siku mbili hukoza ikawa kahawia. Rangi hiyo hutokana na kitu kiitwacho losoni kilichomo ndani ya jani, nacho ni nadra sana kuleta mzio wa ngozi. (Hatusemi kwamba kila kitu cha asili ni salama. Mtoto mchanga aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD aweza kuharibikiwa damu kwa kupakwa hina hiyo hiyo safi, na upungufu huo si haba katika nchi za malaria.) Lakini losoni haina weusi wa wino. Anayetaka maua meusi yenye ncha kali, tena kwa muda mfupi badala ya usiku mzima, hutafuta kitu kingine, ambacho Mombasa, Lamu na Unguja hukiita piko. Piko kwa kawaida ni unga wa kutia nywele rangi, na nguvu yake ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwa ufupi huandikwa PPD.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya PPD huruhusiwa katika rangi ya nywele isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa. Kuchora nayo maua ngozini hakuruhusiwi. Wapimaji wa hina nyeusi wamewahi kukuta ndani yake zaidi ya asilimia 15. Na ubaya wake mara nyingi hauonekani siku ile. Mara ya kwanza mwili hujifunza tu. Kwa muda wa siku 10 hadi 14, askari wa mwili hulishika umbo la mgeni yule, kimyakimya, wala bibi harusi hana habari. Fungate yake yaweza kupita bila kuwashwa. Akipakwa tena, kwa arusi ya mdogo wake au kwa sikukuu, baada ya siku moja au mbili maua yale yale huinuka kwa malengelenge, kila jani na kila kikonyo mahali pake, kana kwamba kuna aliyeyachora kwa moto. Malengelenge hupona, pengine yakaacha kovu au doa. Lakini somo ambalo mwili umejifunza kwa kawaida halifutiki. Miaka 20 baadaye, mama yule akitaka kuficha mvi kwa rangi ya dukani, uso huvimba hata macho yakafunga. Hata dawa fulani za ganzi za kupaka, na rangi fulani za nguo, zaweza kuamsha ugomvi ule wa zamani, kwa sababu zimefanana na PPD kwa umbo.

Huu si ujuzi wa jana. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, na kilichokuwamo kilikuwa kemikali hii hii. Wanawake waliumia macho, mmoja akapofuka, na habari hiyo ikaandikwa katika jarida la madaktari wa nchi hiyo. Picha ya mwanamke aliyeharibika macho ilionyeshwa hadharani pamoja na bidhaa nyingine za hatari, ili watu washawishike kudai sheria. Sheria ikapatikana mwaka 1938. Jambo la kustaajabisha ni kwamba sheria hiyo ilizisamehe rangi za nywele za jamii hiyo, mradi kisanduku kiwe na onyo na mnunuzi aambiwe ajijaribu kwanza. Tangu hapo maneno ya kumtaka mtu apake tone moja nyuma ya sikio au mkononi, angoje saa 48, yamekuwa desturi. Lakini wasomaji tayari wameona upungufu wake. Jaribio hilo humwonya yule ambaye mwili wake umekwisha jifunza. Kwa anayepaka mara ya kwanza halina la kusema, maana mwili wake bado haujui kitu. Na tone lenyewe laweza kuwa ndilo somo la kwanza.

Baada ya misiba ya namna hiyo, watu wenye nia njema waliona ni afadhali aumie mnyama kuliko mtu. Mwaka 1944 John Draize na wenzake, waliokuwa wakiitumikia serikali ya Marekani, walichapisha njia ya kujaribu vitu katika macho na ngozi ya sungura. Kwa mzio wa ngozi, mnyama aliyechaguliwa alikuwa simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye huku kwetu na huko Kivu hufugwa nyumbani kwa ajili ya nyama na samadi. Njia iliyopata sifa kuliko nyingine zote ilitungwa na Bertil Magnusson na Albert Kligman mwaka 1969. Simbilisi hunyolewa begani, hudungwa kemikali pamoja na dawa ya kuuchochea mwili, baada ya juma moja hufungwa kitambaa chenye kemikali ile ile, na baada ya majuma mengine mawili hupakwa mahali pengine ili ionekane kama ngozi itawaka. Kwa kemikali moja wanyama 10 kwa uchache, na wengine 5 wa kulinganishia.

Hapa twajua swali ambalo msomaji wa Gitega atatuuliza, nalo ni swali la haki. Mtu anayemchinja simbilisi akamla, ana uso gani wa kumlilia akipakwa rangi? Sisi twaona kuna tofauti, wala si ndogo. Anayechinja hukata mara moja, na kilichomsukuma ni njaa ya watoto. Kule maabarani mnyama huwekwa katika mateso kwa majuma, na mwisho wake huuawa vilevile. Na kilicholetea hayo si njaa wala ugonjwa, bali ni kwamba dukani kumeonekana haja ya rangi ya kumi na moja baada ya zile kumi zilizopo. Kwa dawa ya malaria tungejadiliana kwa namna nyingine. Kwa wanja na mafuta ya nywele, mzani hauko sawa. Waislamu wenzetu wamesikia tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa kwa njaa. Naye hakuwa na faida yoyote ya kutaja, kama vile mpaka rangi asivyo na faida ya kutosha.

Lakini kumwondoa simbilisi mezani hakutoshi kuitwa wema, mpaka tuulize ni nani amewekwa mahali pake. Huyu Kligman tuliyemtaja hakujaribu kwa wanyama peke yao. Kuanzia mwaka 1951 hadi 1974, katika gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, aliwapaka wafungwa kemikali nyingi migongoni na mikononi kwa malipo madogo. Wengi wao walikuwa watu weusi. Njia yake ya kutambua vitu vya mzio kwa ngozi ya binadamu, aliyoichapisha mwaka 1966, ilitokana na miili hiyo. Na hayo yalitendeka baada ya mwaka 1947, wakati mahakimu wa Nuremberg walipokwisha andika kwamba mtu asijaribiwe bila ridhaa yake iliyo huru. Mfungwa asiye na senti ya kununua sabuni, ridhaa yake ina uhuru wa kiasi gani? Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikofanya kazi Kligman, kiliomba radhi mwaka 2021. Twaitaja habari hii kwa sababu wako wasemao kwa wepisi kwamba kama hatutaki kumtesa mnyama basi watu wajitolee. Wanaojitolea kwa kawaida huwa ni wale wasio na la kukataa.

Je, iko njia ya tatu? Ipo, nayo ilianzia katika kufikiri, si katika chombo. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu wakishauri kwamba majaribio ya wanyama yabadilishwe kwa mengine kila inapowezekana, yapunguzwe idadi, na yapunguziwe maumivu. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya sheria kuufuata ushauri huo kwa vipodozi. Umoja wa Ulaya ulikataza kujaribu vipodozi vilivyokamilika kwa wanyama mwaka 2004, na viungo vyake mwaka 2009. Na tangu tarehe 11 Machi 2013 hairuhusiwi hata kuuza humo kipodozi kilichojaribiwa hivyo kwa ajili ya kutimiza sheria hizo.

Wataalamu walilazimika kujiuliza mzio wa ngozi hutokea vipi hasa, hatua kwa hatua, badala ya kungoja bega la simbilisi liwe jekundu. Jibu, ambalo sehemu yake Karl Landsteiner alikwisha lianza katika miaka ya 1930, ni hili. Kemikali ndogo peke yake haionekani na askari wa mwili. Kwanza hung'ang'ania protini ya ngozi, wakawa kitu kimoja kigeni. Kisha seli za ngozi hupiga kelele ya hatari. Kisha seli nyingine, ambazo kazi yake ni ulinzi wa mpaka, huamka, hukibeba kipande cha mgeni yule na kukipeleka kwenye tezi za limfu. Huko, hatimaye, askari huzaliwa kwa wingi wakiwa wamefundishwa umbo lake.

Kila hatua kati ya tatu za mwanzo sasa ina kipimo chake kisicho na mnyama. Kwa hatua ya kwanza, vipande vya protini vilivyotengenezwa huchanganywa na kemikali katika chupa kwa muda wa siku moja, kisha huhesabiwa vilivyobaki huru. Vikipungua sana, kemikali ile ni ya kung'ang'ania. Kwa hatua ya pili hutumiwa seli za ngozi ya binadamu zinazokuzwa maabarani, ambazo zimetiwa chembe ya urithi inayotokana na kimulimuli. Seli zikipata mashaka, hung'aa. Nasi twakiri kwamba hatujasoma habari ya kisayansi iliyotupendeza kama hii, ya mdudu wetu wa usiku kuwekwa zamu mlangoni mwa ngozi. Kwa hatua ya tatu hutazamwa alama zinazojitokeza juu ya seli za ulinzi zinapoamka. Shirika la OECD, lenye makao Paris, lilizikubali njia hizi moja moja mwaka 2015 na 2016, na mwezi Juni 2021 likatoa mwongozo wa kuziunganisha: vipimo viwili vikikubaliana kati ya vitatu, hukumu hutolewa. Zikilinganishwa na yale yanayojulikana kwa watu wenyewe, njia hizi zimeonekana kutopitwa na kipimo cha mnyama.

Hata hivyo zina mipaka yake. Ziko kemikali ambazo haziumi mpaka zikutane na hewa au zibadilishwe na vimeng'enya vya ngozi. PPD yenyewe ni ya ukoo huo. Tena ni rahisi kujua kama kitu chaweza kuleta mzio kuliko kujua kiasi gani hakitauleta. Lakini mpaka mkubwa kuliko yote hauko maabarani. Vipimo hivi hupima kitu kinachojulikana. Hukiuliza kitu jina lake na kiasi chake, kisha hukipima. Huku kwetu kuna biashara isiyojibu maswali hayo. Anayeuza mkorogo huchanganya krimu tatu au nne, akatia na dawa ya hospitali, na mchanganyiko wa leo si ule wa juzi. Mpambaji hununua unga mweusi uliofungwa katika karatasi, uliopimwa kwa kijiko kutoka katika kopo ambalo hakuliona. Hapo hata maabara ya Paris haina msaada, na wala simbilisi hangekuwa nao.

Tena tukumbuke kwamba PPD haina siri iliyobaki. Imejulikana kwa macho ya wanawake wa 1933, kwa ngozi za simbilisi na panya wasio na hesabu, na kwa wagonjwa wa Sudani, ambao habari zao za kuingiwa na sumu hii mwilini zilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1983. Kama kuna kitu ambacho dunia imekilipia kwa maumivu ili kukijua, ni hiki. Na bado bibi harusi wa Magarama anapoinyoosha mikono yake, ujuzi wote ule haupo chumbani. Anaanza upya, yeye peke yake, kana kwamba hakuna aliyewahi kujaribu. Hii ndiyo sababu twaona kwamba mjadala wa mnyama na chupa, ingawa ni mjadala wa haki, kwetu ni nusu ya jambo. Kumjaribia mtu pasipo yeye kujua ni dhuluma hata kama hakuna maabara wala koti jeupe. Na muuzaji anayejua kilichomo akanyamaza, anaendesha Holmesburg ndogo dukani mwake.

Wako watakaosema kwamba hii ni kazi ya serikali, nasi hatubishi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia tarehe 1 Julai 2007, ina viwango vya vipodozi viitwavyo EAS 377, vyenye orodha za vitu vilivyokatazwa na vile vinavyoruhusiwa kwa masharti, na hapa nchini iko BBN, ofisi ya viwango na ubora. Tanzania iliikabidhi kazi ya vipodozi kwa TBS mwaka 2019. Lakini shehena hutoka bandari ya Dar es Salaam, hupita Kobero, hufika Muyinga na kisha Gitega, na kila inaposhuka hugawanywa katika vifungu vidogo zaidi; kifungu cha mwisho hakina maandishi yoyote. Mkaguzi husoma kisanduku. Anayepakwa hana kisanduku.

Wala tusimgeuze mpambaji kuwa adui. Mara nyingi ni mjane au mama wa watoto wengi anayeishi kwa kazi hiyo, na vidole vyake vyeusi ndivyo vinavyogusa piko kila wiki. Akipata mzio, amepoteza mkate wake. Yeye naye hakuambiwa. Ukimweleza kwamba hina ya usiku mmoja yaweza kutozwa bei kubwa kuliko ile ya upesi, kwa kuwa ni kazi ndefu na haina majuto, hukusikiliza. Tatizo ni bibi harusi, aliyeona weusi ule katika picha za Unguja na Dubai.

Ndipo kazi inapotugeukia sisi wa lugha. Kwenye kisanduku, pale kilipo, kemikali hii huandikwa p-Phenylenediamine kwa herufi ndogo kabisa, katikati ya majina mengine 20, na onyo lake mara nyingi huwa kwa lugha ambayo mpambaji hasomi. Pakiwa na tafsiri ya Kiswahili, huwa ni ile ya kusema kwamba bidhaa yaweza kusababisha mzio kwa baadhi ya watu. Sentensi hiyo ni sahihi na haina faida, kwa kuwa kila msomaji hujihesabu kuwa si miongoni mwa hao baadhi. Tumejaribu pamoja na wanafunzi kuiandika upya, na iliyotuelekea kufaa ni hii: Usipake ngozini, usipoona kitu leo, huenda mwili umeshaanza kujifunza. Kwa Kirundi, neno umuziro lingebeba nusu ya onyo, maana kila mtu analijua tangu utotoni na hahitaji kuelezwa kwamba umuziro hauchezewi. Nusu ya pili, ile ya siku 10 au 14 za kimya, bado tunaitafutia maneno mafupi ambayo mpambaji aweza kuyasema huku ameshika koni ya hina mkononi.